Mume hupimwa mwisho: Ugumba wa wanaume na safari ndefu ya ndoa za Bujumbura

BUJUMBURA

Katika mitaa ya Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya gereji pia, ndoa changa hupewa muda. Mwaka wa kwanza watu hunyamaza. Mwaka wa pili shangazi huanza kuulizia kwa utani. Mwaka wa tatu utani huisha, na bibi harusi wa juzi huanza kupelekwa huku na huku: kwa daktari wa wanawake, kwa mama anayechemsha mizizi, kwa sheikh au kwa kikundi cha maombi, kutegemea familia inasali wapi. Hurudi na picha za ultrasaundi, vidonge vya kupevusha mayai na chupa za dawa za kunywa asubuhi na jioni. Muda wote huo mumewe yuko kazini, amelala chini ya gari la mteja. Hakuna aliyemwambia kwamba naye anapaswa kwenda.

Si Buyenzi peke yake. Ndivyo ilivyo Kigoma, Uvira, Kampala na Mombasa. Lakini Bujumbura ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa karibu, kwa kuwa Burundi inajulikana kwa watoto wengi, si kwa kuwakosa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba mwanamke wa Burundi huzaa wastani wa watoto 5.5. Serikali imekuwa ikihimiza uzazi wa mpango kwa miaka mingi, nchi ni ndogo, ina watu zaidi ya milioni 12, na mashamba yanazidi kugawanywa. Katika hali kama hiyo, anayelalamika kwamba hapati mtoto huonekana kama mtu anayelalamikia kiu wakati jirani zake wanazama kwenye mafuriko.

Takwimu zinasema vingine. Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupatwa na ugumba katika wakati fulani wa maisha yake, sawa na asilimia 17.5. Katika nchi tajiri ilikuwa asilimia 17.8, na katika nchi za kipato cha kati na cha chini asilimia 16.5. Pengo hilo ni dogo mno kulinganisha na pengo la hospitali, maabara na fedha lililopo kati ya pande hizo mbili. WHO huhesabu kuwa ni ugumba pale ambapo mimba haijapatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Kumbuka kwamba kipimo hicho hakisemi ni nani kati ya wawili hao.

Ni nani, basi? Jibu la karibu zaidi na Burundi lilipatikana Kigali. Watafiti walioongozwa na daktari Mbelgiji Nathalie Dhont waliwachunguza wanawake 312 wasiopata ujauzito, pamoja na wenza wao, katika hospitali ya chuo kikuu ya mji huo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Hospitali hiyo hufupishwa CHUK, herufi zilezile ambazo Bujumbura huzitumia kwa hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge, hivyo msafiri wa ukanda huu hana budi kuuliza ni CHUK ipi inayosemwa. Katika ndoa ambazo mume na mke wote walipimwa kikamilifu, nusu hivi zilikutwa na kasoro pande zote mbili. Ukiongeza zile ambazo kasoro ilikuwa kwa mume tu, karibu theluthi mbili ya ndoa hizo mume alikuwa na sehemu yake katika tatizo.

Kwa wanawake, kasoro iliyoongoza ilikuwa kuziba kwa mirija ya uzazi, jeraha ambalo mara nyingi huachwa na magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa mapema. Na magonjwa hayo mwanamke hayapati peke yake.

Watafiti walewale waliuliza pia kuhusu maisha ya nyumbani. Ndoa zisizo na watoto ziliripoti kupigana, kuachana na matatizo ya chumbani zaidi kuliko ndoa zenye watoto, na mzigo mzito zaidi ulikuwa kwa wanawake. Kigali na Bujumbura zinatofautiana kwa mengi siku hizi, lakini Kinyarwanda na Kirundi zinaelewana, mila za ndoa ni ndugu, na mama mkwe wa Kigali anamfahamu vizuri mama mkwe wa Bujumbura.

Lugha inamficha

Kiswahili, ambacho wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipitisha mwaka 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa, kina neno la mwanamke asiyezaa: tasa. Neno hilo husemwa kwa ng'ombe pia, na ukali wake unatokana na hapo. Mgumba linaweza kusemwa kwa mwanamume au mwanamke, na lina ndugu yake katika Kirundi, ingumba, lakini hapa Bujumbura anayenyooshewa kidole linapotamkwa mara nyingi ni mke. Mwanamume akitajwa, hupewa neno jingine kabisa: hanithi, yaani asiyeweza tendo la ndoa. Au husemwa kwa upole kwamba hana nguvu za kiume.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipo, na limewagharimu watu fedha na miaka. Nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili. Mwanamume anaweza kuwa na afya ya farasi, akaridhika na akamridhisha mkewe, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Manii mengi ni majimaji yanayotoka kwenye tezi zilizo karibu na kibofu, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo huo. Kwa macho hakuna tofauti. Ndiyo maana mume anayeambiwa akapime hujibu kwa dhati kabisa kwamba yeye hana shida yoyote. Hasemi uongo, ila anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Madaktari wa Burundi, waliosoma kwa Kifaransa, hukiita spemogramu. Kinahitaji hadubini, kioo chenye mistari cha kuhesabia, na fundi wa maabara aliyefundishwa kuhesabu na mwenye subira ya kufanya hivyo. Maabara inayoweza kutafuta vimelea vya malaria kwenye tone la damu tayari ina kifaa kikuu. Linganisha na mke: kupima homoni, ultrasaundi, picha ya eksirei ya mirija yenye dawa inayosukumwa kupitia kizazi na inayouma, pengine na upasuaji wa kamera. Kipimo cha mume ni rahisi, hakiumi, na kinamalizika siku ileile. Kwa hesabu ya kawaida ya fedha na maumivu kingepaswa kuwa cha kwanza, lakini ndicho cha mwisho, na mara nyingi hakifanywi kabisa.

WHO imekuwa ikitoa mwongozo wa maabara wa kipimo hiki tangu 1980, na toleo la sita lilitoka mwaka 2021. Viwango vyake vya chini ni mbegu milioni 16 katika kila mililita, jumla ya milioni 39 katika manii yote, na angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinaogelea kwenda mbele. Mbegu zenye umbo lililokamilika zinatosha zikiwa asilimia 4 tu. Takwimu hiyo ya mwisho huwashtua wengi, lakini ndivyo mwili wa mwanamume ulivyo: hutengeneza mbegu nyingi mno, na nyingi kati ya hizo zina kasoro.

Viwango hivyo vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha kuchukua asilimia tano ya chini kabisa kuwa mpaka. Aliye chini ya mpaka huo si lazima awe mgumba, na aliye juu yake hana hakika ya kuzaa. Jambo jingine ambalo wasomaji wa ukanda huu wanapaswa kulijua ni kwamba akina baba waliotumika kuweka viwango vya toleo la 2010 walitoka Ulaya, Marekani na Australia. Fundi wa maabara wa Bujumbura alipokuwa akiandika "chini ya kawaida" kwenye karatasi ya mkulima wa Gitega, alikuwa akimpima kwa rula iliyochongwa kwa akina baba wa mabara mengine.

Joto, maradhi na sindano

Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu. Kazi yao huhitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na mbegu moja huchukua siku 70 na kitu kutengenezwa. Chochote kinachovuruga joto hilo au muda huo huonekana kwenye hesabu miezi miwili au mitatu baadaye: homa kali, kazi ya kukaa mbele ya tanuri, saa nyingi kwenye kiti cha lori. Habari njema ni kwamba kasoro za aina hii mara nyingi hurekebika chanzo kikiondolewa.

Kasoro inayokutwa mara nyingi zaidi na inayotibika ni kuvimba kwa mishipa ya damu inayozunguka korodani, hasa ya kushoto. Madaktari huiita varikoseli. Iko kwa wanaume wapatao asilimia 15 wa kawaida, na kwa asilimia 35 hadi 40 ya wanaume waliokwenda hospitali kwa sababu hawajawahi kupata mtoto. Daktari wa upasuaji anaweza kuifunga, na kwa baadhi ya wanaume hesabu ya mbegu hupanda. Wengi wanayo tangu ujana na hawajui, au wanadhani ni maumbile tu.

Kisonono na klamidia ni hadithi nyingine. Vikiachwa, huacha makovu kwenye mirija myembamba inayobeba mbegu, na kiwanda kinaendelea kuzalisha huku barabara imefungwa. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa takwimu za WHO ulioonyesha kwamba Afrika ilitofautiana na mabara mengine kwa jinsi maambukizi yalivyokuwa chanzo cha ugumba wake. Kijana anayenunua vidonge vitatu dukani badala ya kumaliza dozi huenda anafanya uamuzi kuhusu watoto wake bila kujua. Matubwitubwi yakimpata mvulana baada ya kubalehe yanaweza kushukia korodani. Mtoto ambaye korodani yake haikushuka anapaswa kufanyiwa upasuaji mapema, si kusubiri aoe. Wengine wamezaliwa na kasoro ya vinasaba ambayo haionekani popote ila kwenye maabara.

Kisha kuna wanaojiharibia wakidhani wanajitibu. Homoni ya testosteroni, inayouzwa kama sindano ya kurudisha uanaume na kutumiwa na wanaojenga misuli, huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, ubongo nao huacha kuziamuru korodani. Uzalishaji wa mbegu hushuka, mara nyingi hadi sifuri. Hili linajulikana kiasi kwamba WHO iliijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango wa wanaume. Matokeo ya jaribio lililohusu wanaume 271 wa nchi saba, waliodungwa sindano kila wiki, yalichapishwa mwaka 1990, na ilifanya kazi vizuri. Mwanamume anayetafuta mtoto kwa sindano hiyo anameza kizuizi akidhani ni tiba.

Mizizi nayo ina mjadala wake. Mmea unaoitwa mukombero Kenya na mulondo Uganda, kwa jina la kisayansi Mondia whitei, hutafunwa na wanaume wa Afrika Mashariki kwa imani kwamba unaongeza nguvu. Watafiti wa kusini mwa Afrika waliripoti mwaka 2008 kwamba maji ya mzizi huo, yakichanganywa na mbegu za binadamu kwenye maabara, yaliongeza mwendo wake. Lakini watafiti wa Kamerun walikuwa wameripoti mwaka 2001 kwamba panya madume waliopewa mzizi huo kwa muda mrefu walipungukiwa uzalishaji wa mbegu, hadi walipoacha kupewa. Kwa hiyo mzizi mmoja umesifiwa kwenye kioo na kushtakiwa kwenye panya, na kwa mwanamume mwenyewe jibu bado. Wasiouamini mzizi wasijione wajanja: vidonge vya zinki na foliki asidi, vinavyouzwa kwenye makopo mazuri kwa bei kubwa, vilijaribiwa Marekani kwa ndoa 2,370, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba havikuongeza ubora wa manii wala idadi ya watoto waliozaliwa.

Kilichogunduliwa Brussels

Tiba iliyobadilisha hali ya wanaume wenye mbegu chache ilizaliwa katika mji ambao Warundi wazee waliusikia kila siku redioni kabla ya uhuru wa 1962. Ilikuwa Brussels, katika hospitali ya chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel. Upandikizaji wa mimba ulikuwa umeanza tangu 1978, alipozaliwa Louise Brown huko Uingereza, lakini uliwasaidia hasa wanawake wenye mirija iliyoziba. Katika chombo cha maabara bado yai lilizungushiwa maelfu ya mbegu na kusubiri mojawapo iingie yenyewe. Mume mwenye mbegu chache au zisizoogelea hakufaidika.

Daktari Mwitaliano Gianpiero Palermo alikuwa akijaribu kuweka mbegu chini ya ganda la yai, si ndani ya yai lenyewe. Siku moja sindano ilipita kiasi na mbegu ikaingia ndani kabisa. Yai lilirutubika. Yeye na wenzake Paul Devroey, Hubert Joris na André Van Steirteghem wakalifanya kosa hilo kuwa njia. Mtoto wa kwanza alizaliwa Januari 1992, na mwaka huohuo wakaripoti mimba nne katika Lancet. Njia hiyo, inayoitwa ICSI, inahitaji mbegu moja hai kwa kila yai. Miaka michache baadaye madaktari wakaanza kuzichukua mbegu moja kwa moja kutoka kwenye korodani, kwa upasuaji mdogo, kwa wanaume ambao manii yao hayana kitu.

Kwa Buyenzi yenye misikiti yake jambo hili lina uzito wa pekee. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980 iliruhusu upandikizaji mimba kwa mume na mke walio ndani ya ndoa, na ikakataza mbegu ya mtu wa tatu. Kabla ya ICSI, mume asiye na mbegu za kutosha alikuwa na njia moja tu ya kitabibu, mbegu za mwanamume mwingine, na njia hiyo kwake ilifungwa. Baada ya 1992 anaweza kutumia zake, hata kama ni kumi. Wakatoliki, ambao ni wengi nchini Burundi, wana mzigo mwingine: waraka wa Vatican wa 1987 unakataa mtoto kutungwa nje ya tendo la ndoa, iwe kwa mbegu za nani. Wako wanaoutii na wako wanaokwenda kliniki kimyakimya.

Na ICSI ina upande ambao matangazo ya kliniki hayausemi kwa sauti. Kasoro ni ya mume, lakini tiba hupitia mwilini mwa mke. Yeye ndiye anayechomwa sindano za homoni kwa siku kumi na zaidi, yeye ndiye anayetobolewa kuchukuliwa mayai, yeye ndiye anayesubiri. Mume hutoa kikopo. Aidha, baadhi ya kasoro zinazowafanya wanaume wakose mbegu ziko kwenye kromosomu ya Y, kwa hiyo mtoto wa kiume atakayepatikana atairithi na huenda akakutana na tatizo la baba yake akifika umri wa kuoa.

Barabara ya Kampala

Afrika Mashariki haikuchelewa sana. Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa upandikizaji mwaka 2004, katika hospitali ya Daktari Edward Tamale Sali. Nairobi ilifuata mwaka 2006, kwa kazi ya Daktari Joshua Noreh. Novemba 2023 hospitali ileile ya Kampala ilitangazwa dunia nzima baada ya mwanamke wa miaka 70 kujifungua mapacha. Utaalamu upo, na uko ndani ya Jumuiya ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007.

Kuufikia ni jambo jingine. Mzunguko mmoja wa ICSI huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na hata katika kliniki bora duniani mizunguko mingi haiishii kwa mtoto. Dola zenyewe benki za Bujumbura kwa miaka sasa hazina za kutosha, na mtaani bei yake ni nyingine. Tiba inamtaka mke awe karibu na kliniki kwa wiki kadhaa, maana yake kodi ya chumba na chakula katika mji wa kigeni. Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, njia fupi ya basi kwenda Kampala kupitia Kigali ilikatika. Wasafiri wakabaki na ndege, au kuzunguka Tanzania. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia watu na huduma kuvuka mipaka kwa uhuru. Haikuandikwa kwa kumfikiria mwanamke mwenye ratiba ya sindano, lakini kwake itifaki hiyo ni suala la siku na saa.

Nyumbani, serikali ya Burundi tangu 2006 hugharimia uzazi wa mama hospitalini na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano, hatua iliyookoa maisha mengi. Msaada huo huanzia pale mimba inapokuwapo. Kwa upande wa unyanyapaa, mke wa rais, Angeline Ndayubaha Ndayishimiye, ni balozi wa kampeni ya "More Than a Mother" ya taasisi ya Merck Foundation ya Ujerumani, inayosema mwanamke ni zaidi ya kuwa mama na kwamba nusu ya ugumba unawahusu wanaume. Taasisi hiyo pia hudhamini mafunzo ya madaktari wa Afrika katika fani ya uzazi. Ujumbe ni sahihi. Hata hivyo jina la kampeni linamtaja mama, na baba anaweza kupita mbele ya bango bila kuhisi kwamba anaitwa.

Kuna wanaotafuta njia ya kushusha gharama. Daktari Mbelgiji Willem Ombelet wa mji wa Genk, pamoja na Jonathan Van Blerkom wa Marekani, waliunda maabara ndogo ya upandikizaji ambamo hewa ya kaboni inayohitajiwa na yai hupatikana kwa kuchanganya asidi ya limau na magadi ya kuokea mikate ndani ya mirija ya kioo, badala ya mashine za bei kubwa. Watoto wamezaliwa kwa njia hiyo Genk. Inaweza kuwafaa wanawake wenye mirija iliyoziba na wanaume wenye upungufu wa wastani. Kwa mwenye mbegu chache mno bado inatakiwa hadubini yenye sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na mkono uliofundishwa. Huko Japani, watafiti wa Yokohama walionyesha mwaka 2011 kwamba tishu ya korodani ya panya mchanga ikitunzwa kwenye maabara inaweza kutoa mbegu zinazozaa. Kwa binadamu hatua hiyo iko mbali, na mgonjwa wa Bujumbura asiuziwe.

Kilicho karibu zaidi kiko palepale mjini. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, taasisi ya Jumuiya yenye jarida lake la kisayansi, ina makao makuu Bujumbura. Jumuiya ilipogawa vituo vya umahiri wa tiba, Kenya ilipewa figo na njia ya mkojo, Uganda saratani, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe. Katika mgawanyo huo wa kwanza uzazi haukupata kituo chake, ingawa madaktari wa njia ya mkojo wanaofundishwa Nairobi ndio watakaowaona wanaume hawa. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Hagai Levine wa Israeli walikusanya tafiti za dunia nzima na kusema kwamba hesabu ya mbegu za wanaume ilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1973 na 2018. Wapo wanaowapinga. Kinachouma kwa ukanda huu ni kwamba taarifa za Afrika zilikuwa chache katika hesabu hiyo. Maabara za Bujumbura, Mwanza, Kisumu na Goma zingeandika matokeo yao kwa fomu moja na kuyatuma mahali pamoja, bila majina, baada ya miaka michache ukanda ungekuwa na rula yake. Gharama yake ni karatasi na nidhamu.

Kwa sasa fundi wa Buyenzi anayeamua kwenda anahitaji kujua mambo machache. Akae siku mbili hadi saba bila kutoa manii. Akipenda atoe nyumbani, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa kwenye kikopo kisafi kilichotolewa na maabara, si kwenye kondomu ya dukani, kwa sababu mafuta yake yanaweza kuziua mbegu. Ambaye dini yake inamzuia kujichua amwambie daktari, kwani zipo kondomu maalumu zisizo na dawa kwa ajili ya kukusanya sampuli wakati wa tendo la ndoa. Kikopo kisiwekwe kwenye friji wala juani kwenye dashibodi ya gari. Kikae mfukoni, karibu na mwili. Matokeo yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe kabla ya mtu yeyote kulia, na kama kuna tiba iliyoanzishwa, kingine kifanywe baada ya miezi mitatu, mbegu mpya zitakapokuwa zimekomaa. Na karatasi ya majibu waisome wote wawili, mke naye akiwepo.